Mkimbiaji Niliyemwacha Benchi

Mwanangu alinipigia simu Jumamosi moja ya mwezi wa nane nikiwa uani napura mbaazi, na badala ya kuniuliza kama nimemeza dawa za presha, akaniuliza kama ninaweza kuwa mtu wa kumi. Nilidhani ni chama cha kuchangiana pesa. Nikamwambia mimi na vyama tuliachana zamani.

"Si chama, mwaitu," akasema. Hivyo ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. "Ni timu. Jamaa mmoja amepata mtoto, ametoka. Tumebaki tisa, na tisa haiwezi cheza."

Nieleze kwanza mambo yalivyokuwa. Mwanangu ni wa pekee. Yuko Marekani mwaka wa tisa sasa, anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee, anawageuza kitandani mama za watu wengine na kuwapa dawa zao. Baba yake alipofariki hakuweza kuja kumzika kwa sababu ya makaratasi. Tangu hapo simu zetu zilikuwa zimefupika. Umeamkaje, mvua imenyesha, dawa unakunywa, haya basi. Akikata, nilibaki na ile simu mkononi nikiitazama, kisha nikainuka kwenda kuangalia moto. Nyumba yangu iko upande wa Kola, juu kidogo ya barabara, ina vyumba vinne na ninatumia viwili. Watu hudhani upweke huja usiku. Wangu huja saa tisa alasiri, kazi ya shamba ikiwa imeisha, jua bado liko juu, na hakuna wa kumwambia kwamba papai limeiva.

Mchezo wenyewe ni huu. Yeye na wenzake, wengi wao Wakenya walioko huko, kila mmoja huunda timu yake kwenye simu akichagua wachezaji wa kweli wa ule mpira wa Kimarekani, wa kubebwa mkononi na kuvaliwa kofia ngumu. Mchezaji wako akifanya vizuri uwanjani Jumapili, wewe unapata pointi. Hakuna anayeweka hela. Mshindi anapata ruhusa ya kuwacheka wenzake mwaka mzima, basi.

"Wewe utakuwa jina tu," aliniambia. "Mimi nitakuchagulia kila kitu."

Hapo alinichokoza. Nilifundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na karibu muda wote huo nilikuwa mwalimu wa michezo. Nimechagua timu za watoto wenye viatu na wasio na viatu. Leo niwe jina tu? Nikamwambia anitumie sheria za mchezo, nizisome mwenyewe. Alizituma, nikazisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea.

Uchaguzi wa wachezaji ulikwenda polepole. Kila mtu alipewa nusu siku ya kufikiri, kisha zamu ikahamia kwa mwingine. Kwa zaidi ya wiki moja nilichagua maharagwe na wachezaji kwa wakati mmoja, sinia mapajani na simu juu ya kigoda.

Nilimwona yule kijana kwenye video fupi, akiwa bado anachezea chuo kikuu. Alikuwa ndio kwanza anaingia kwa wakubwa, mgeni kabisa, na kazi yake ni ile ya kupewa mpira mkononi na kuambiwa apite katikati ya watu wanaotaka kumvunja. Majitu makubwa kama milango ya ghala yalikuwa yanamjia. Hakuharakisha. Alipiga hatua mbili fupi, akangoja, pengo likafunguka, akapita. Nikairudia video mara nyingi nikiwa nimezima sauti, maana watangazaji hunivuruga, nikatazama miguu tu. Hapotezi hatua. Hatazami chini. Akigongwa, bega linazunguka lakini mkono wenye mpira hausogei. Nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Huyu hamwagi."

Neno hilo lina asili yake. Shule yetu haikuwa na bomba. Kila mtoto alikuja asubuhi na mtungi wa lita tano wa maji aliyoteka kwenye visima vya mchangani kule mtoni, na kwa kuwa vifuniko hupotea, wengi waliziba mdomo wa mtungi kwa gunzi la mahindi. Walimu wa shule nyingine walichagua wakimbiaji uwanjani kwa saa ya mkononi. Mimi nilisimama langoni. Nilimwambia mtoto atoe gunzi, kisha apite mbio katikati ya wenzake mpaka kwenye pipa. Lango limejaa watoto wanaosukumana, na wewe una maji yaliyo wazi. Aliyefika na mtungi uliojaa, huyo alikuwa wangu. Kukimbia njia tupu hata mbuzi anaweza, ila kukimbia kati ya watu bila kumwaga ulichobeba kunataka akili iliyotulia. Timu zangu zilijulikana mpaka Machakos mjini, na siri yangu ilikuwa ile mitungi.

Basi nikamchagua yule kijana, na mapema sana. Simu ikalia kabla sijaweka sinia chini.

"Mwaitu, umefanya nini? Huyo jamaa ni mgeni. Ako nyuma ya watu wawili. Kocha hawezi mpatia mpira mpaka mmoja aumie."

"Basi nitangoja."

"Utangoja aje? Utaomba mtu avunjike mguu?"

"Mimi simwombei mtu mabaya. Nitangoja tu."

Tulibishana muda mrefu kuliko tulivyokuwa tumezungumza mwaka huo wote. Nilipokata simu niligundua maharagwe yaliyobaki yameliwa na kuku, na sikujali hata kidogo.

Msimu ulipoanza, tukapata siku yetu. Michezo yao huchezwa sisi tukiwa tumelala, na sikuwahi kukesha kwa ajili yake. Niliamka nikatazama matokeo kama mtu anayetazama kama kuku ametaga. Lakini kila Jumanne saa tisa alasiri, kwake asubuhi, anapotoka kazini, mwanangu alipiga simu kuzungumzia timu. Saa ile ile niliyokuwa nikiichukia. Nilianza kuoga saa nane na kuweka chai tayari, utadhani mgeni anaingia mlangoni.

Kule kanisani habari zilinitangulia. Mama mmoja aliniona baada ya ibada nimeinamia simu yenye majina ya wachezaji na pointi zao, akahitimisha kwamba nimeingia kwenye kamari iliyowamaliza vijana wetu. Walikuja watatu nyumbani kuniombea. Nilifumba macho kwa heshima, simu ikiwa mapajani, na katikati ya maombi ikatetemeka, nikafumbua jicho moja: mdakaji wangu mzuri ameumia goti. Nikasema "Uuwi!" na kiongozi wao akapandisha sauti, akidhani pepo ndiye anayetoka. Nilimsimulia mwanangu Jumanne iliyofuata, akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinavyopanda mwishoni.

Na kila Jumanne mada ilikuwa moja. Yule kijana hachezi. Yuko benchi, kwenye timu yake ya kweli na kwenye yangu. Mtoe, chukua mtu anayecheza. Simtoi.

Lazima niseme ukweli, kwa sababu katika kupima mkimbiaji sijawahi kujidanganya. Kufikia wiki ya tano nilikuwa nimeshaiona kasoro yake. Mkimbiaji wa mchezo ule asipopewa mpira ana kazi nyingine: asimame mbele ya mrushaji, amzuie adui kwa mwili wake. Kijana wangu alikuwa anakwepa. Alinyoosha mkono, akagusa bega la mtu, akapisha. Kocha gani atamweka mtu kama huyo? Kama ningeulizwa niandike ripoti ningeandika: ana kipaji, hajakomaa, apewe mwaka mmoja. Mwanangu alikuwa na haki. Lakini ningekubali, Jumanne tungezungumza nini? Tungerudi kwenye presha na mvua. Kwa hiyo nilimtetea yule mtoto wa watu kwa nguvu zangu zote, nikatafuta hoja mpya kila Jumatatu kama mtu anayeandaa somo.

Jumanne ya wiki ya nane nilikuwa nimelowa. Mvua ya kupandia ilikuwa imeshuka na nilishinda shambani. Mwanangu naye alikuwa amechoka. Bibi mmoja aliyekuwa akimhudumia kwa miaka miwili alikuwa amefariki usiku huo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanangu. Ningelitulia hapo. Ningelimwuliza habari za huyo bibi. Badala yake, aliponiambia, "Mwaitu, leo mtoe tu huyo mtu," nikaanza somo langu.

"Mgeni anataka kungojewa," nikasema. "Mtoto hawezi kuonyesha alicho nacho kama hakuna mtu wa kumwamini."

Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Huyo umemngoja wiki nane. Hata hamjuani. Mimi ulinitoa siku moja."

"Nilikutoa wapi?" nikauliza, nikijua.

"Kwa lango. Na sikumwaga."

Akakata.

Alikuwa darasa la saba, katika shule ile ile niliyofundisha. Kwetu mtoto wa mwalimu hana raha. Nyumbani aliniita mwaitu, lakini tukivuka lango aliniita Mwalimu kama wengine wote, na wengine wakichapwa viboko viwili, yeye nilimchapa vitatu, ili mtu asiseme. Akiongoza darasa, watu walisema mamake amemwonyesha mtihani. Nilikuwa naogopa maneno ya watu kuliko nilivyoogopa ukame. Asubuhi ya kuchagua timu ya mashindano ya kata, wazazi walikuwa wamejipanga kwenye ua, na mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Ilibaki nafasi moja. Mwanangu alitoa gunzi, akaja. Alipita katikati ya wale watoto kama sindano, akafika mbele yangu na mtungi uliojaa mpaka mdomoni. Mkono wake ulikuwa mkavu. Ardhi nyuma yake ilikuwa kavu.

Nikasema kwa sauti, ili ua mzima usikie, "Wewe umemwaga. Rudi kwenye mstari."

Alinitazama. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akaenda akamimina lita tano zake ndani ya pipa. Ile nafasi nikampa mtoto mwingine. Jioni nilimwekea mwanangu kipande kikubwa cha nyama, akakila, na hatukuwahi kulizungumza tena. Nilidhani amesahau. Na ubaya zaidi ni kwamba nilisifiwa. Kwa miaka mingi watu wa Kola walinitaja kama mwalimu wa haki, asiyependelea hata damu yake, nami nikaipokea ile sifa na kuivaa.

Jumanne iliyofuata simu haikulia. Na ile iliyofuata. Nilipika muthokoi, na muthokoi haupikiki kidogo, ukichanganya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe lazima sufuria ijae. Nikaula siku tatu peke yangu, ukichacha kila siku zaidi. Sikumpigia. Mara nyingi nilishika simu, lakini ningesema nini? Nilijiambia yeye ndiye mdogo, yeye ndiye atakayeanza.

Wiki hiyo habari ikaja kwenye simu nikiwa kwenye palizi: mkimbiaji wa kwanza wa timu ya yule kijana ameumia paja, wa pili ana homa, na Jumapili mgeni ndiye atakayeanza. Nilichotakiwa kufanya ni kugusa jina lake mara moja, atoke benchi aingie kikosini. Kidole changu kilikuwa hapo hapo juu ya kioo. Sikugusa. Nilinuna. Mwanamke wa umri wangu, mwenye mvi kichwa kizima, nilinuna kama mtoto wa nasari. Nikasema timu ya nini, na wa kuizungumza naye hayupo. Nikarudisha simu mfukoni na kuendelea kupalilia.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati kupimwa presha. Simu ilikuwa haitulii. Marafiki wa mwanangu walikuwa wamejaza ujumbe kwenye kundi letu la mchezo. "Mwalimu ameficha dhahabu chini ya godoro!" "Mwalimu, shikamoo, ulikuwa unamwekea nani?" "Wiki zote hizi unamlea, halafu siku ya harusi unamfungia nyumbani!" Mwanangu hakuwa ameandika kitu.

Nilifungua video hapo hapo kwenye foleni. Alipita, akangoja, pengo likafunguka, akapita tena. Walimgonga, bega likazunguka, mpira haukusogea. Alifunga, akarudi akafunga tena. Na mara moja, bila mpira, alisimama mbele ya mrushaji, akampokea jitu moja kifuani na hakupisha. Alikuwa amejifunza. Katika mchezo wetu anachofanya mchezaji uliyemwacha benchi hakihesabiwi kwako hata kidogo. Ni kana kwamba hakucheza. Nilimwona kabla ya watu wote, nikamwamini watu wote wakinicheka, na siku yake ilipofika nikamwacha amekaa kwa sababu ya kiburi changu. Ilikuwa mara ya pili maishani mwangu.

Nesi alisoma kipimo, akatikisa kichwa. "Shosho, presha iko juu sana leo. Ni nani amekukasirisha?"

"Mwalimu mmoja," nikamjibu.

Nilitoka nje nikaketi kwenye ukingo wa saruji. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yale hayakumwagika hata tone, na bado sikuwa na namna ya kuyarudisha mkononi mwa mtoto wangu. Nikafungua mahali pa kurekodi sauti, nikasema haraka kabla sijapata muda wa kujisahihisha.

"Mwanangu. Ile siku ya lango, hukumwaga. Mtungi wako ulikuwa umejaa mpaka mdomoni, na mimi niliona. Nilisema uongo mbele ya watu kwa sababu niliogopa maneno yao, na wewe ulikuwa mtoto. Nisamehe."

Nikatuma. Nikaona imefika, kisha nikaona imesikilizwa.

Jumanne nilioga saa nane. Nilipika chai, nikakaa na simu mezani. Saa tisa ikapita, ikapita saa kumi, chai ikafanya utando juu. Jumatano nilijiambia nisitarajie. Nina umri wa kujua kwamba kuomba msamaha si kama kulipa deni. Aliyekosewa hana lazima ya kukupa risiti.

Alipiga Alhamisi, nikiwa katikati ya mistari ya maharagwe, mikono imejaa udongo.

"Mwaitu."

"Naam."

Nilisikia mlango wa gari ukifungwa, halafu pumzi yake. Alikuwa amekaa ndani ya gari nje ya kazi yake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwachia aanze yeye.

"Kama ungeniacha nikimbie," akasema, "ningeshinda?"

Nilijua jibu la mama. Mama yeyote angesema ungeshinda, mwanangu, ungewaacha wote. Lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini hakuwa amemwuliza mama peke yake. Alikuwa amemwuliza yule wa langoni, na huyo alikuwa ameshamdanganya mara moja. Niliweka jembe chini, nikafumba macho, nikamtazama akikimbia. Nilimkumbuka vizuri kuliko nilivyotarajia: magoti, mabega, viwiko vinavyopita mbele ya kifua anapochoka.

"Ungekuwa wa pili," nikasema.

Nikasikia kiti cha gari kikilia, nikaendelea.

"Kulikuwa na kijana mmoja wa upande wa Lukenya. Huyo usingempata, kona ya mwisho ulikuwa unakata pumzi. Lakini wengine wote ungewaacha mbali. Hata yule niliyempeleka. Yeye alikuwa wa sita."

Nilisikia sauti, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu nikasikia vizuri zaidi, na vilikuwa vyote viwili.

"Wa pili," akasema. "Miaka hii yote nimekuwa nikijiambia wa kwanza."

"Wa pili si mbaya. Wawili wa mbele walikuwa wanaendelea. Ungeenda Machakos na basi la shule."

"Na ungenikalisha wapi?"

"Mbele. Kando yangu."

Aliniambia nimweke yule kijana kikosini kwa ajili ya Jumapili, na kwamba mara hii hatakata simu mpaka nifanye hivyo. Nilifuta kidole kwenye leso, nikagusa jina, nikamwambia tayari. Akasema anaenda kulala, tutaongea Jumanne. Nilibaki pale shambani, jua likiwa bado juu, nikaketi kwenye tuta na kulia, kwa sababu nililikumbuka lile basi. Lilikwenda Machakos na wale wengine wangu waliofuzu, wakiimba njia nzima, na mimi nilikaa mbele, na kwenye kiti cha kando yangu nilikuwa nimeweka mfuko wa jezi.